Mafuta ya Msafara

Saa tisa na dakika kumi alasiri simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Nilikuwa nyuma ya jukwaa, kwenye uwanja wa mpira Muyinga, nikisubiri kuitwa pamoja na wagombea wenzangu. Aliyepiga alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kutoka kilimani kwao, yaani kijijini, upande wa Bukirasazi.

"Shemeji, dada yako ameanguka shambani. Mdomo umepinda, upande mmoja hausogei. Nesi anasema afike Gitega leo leo. Gari la wagonjwa lipo, mafuta hayapo. Hata pikipiki zimelala. Wewe una watu."

Ni kweli, nilikuwa na watu. Miezi ile petroli ilikuwa imeadimika nchi nzima, na madereva walilala ndani ya magari yao kwenye foleni. Lakini kampeni ilikuwa na akiba yake. Gitega, mtaa wa Musinzira, kulikuwa na ua ambamo chama kiliweka madumu ya msafara, na aliyeyasimamia ni mtu tuliyeanza naye siasa. Nikampigia.

"Ee, Mheshimiwa!" akacheka. "Kiti hujakalia, ushaanza kutuma watu?"

Nikamweleza. Kicheko kikakatika.

"Mafuta iko, sikatai. Lakini iko ya convoi, msafara ya kesho, yote imepimwa. Mi sina ruhusa. Ngoja chef, mkubwa wetu, arudi saa kumi na moja, mi mwenyewe nitamubeba dada. Neno langu, parole."

"Saa kumi na moja ni mbali."

"We unajua hii kazi kuliko mi. Ungekuwa we, ungetoa?"

Jina langu likatajwa kwenye kipaza sauti, nikakata simu. Nikapanda jukwaani. Nilizungumza juu ya barabara na vituo vya afya, kama nilivyokuwa nimejiandaa.

Majirani wa dada hawakumngoja mtu. Walimlaza kwenye ingobyi, kile kitanda cha kusuka ambacho kila kilima huwa nacho kwa ajili ya wagonjwa, wakamwinua, wanaume wanne wanne, wakipokezana mabega kupanda na kushuka kuelekea Gitega. Gari la Musinzira lilitoka kweli jioni ile. Liliwakuta wameshusha ingobyi kando ya njia na kuvua kofia.

Dada ndiye aliyenilea. Tulivuka mpaka tukiwa watoto, tukakulia kambini Tanzania, na pale ndipo alipoacha shule ili mimi niendelee. Sikuendelea sana. Kifaransa nilijifunza peke yangu baadaye, kwa kamusi kuukuu iliyokosa kurasa za mwanzo, kiasi kwamba maneno yanayoanza na A niliyajua mwisho. Sheria ya uchaguzi nayo niliisoma hivyo hivyo, kifungu baada ya kifungu. Tuliporudi Burundi, shamba la baba halikutosha hata kugombewa. Dada alimfuata mumewe kwao. Mimi nikaenda Muyinga, ambako Kiswahili kilinitosha kwa biashara, nikafungua banda la kutengeneza baiskeli.

Siasa yangu ilianzia bandani. Vijana walikaa wakisubiri minyororo yao, tukazungumza, na chama kikaniomba nisimamie nyumba kumi. Kisha kilima kizima, kisha tarafa. Sikuwa na sauti ya jukwaani wala fedha. Nilichokuwa nacho ni utaratibu mmoja: msiba. Kwetu mtu anaweza kusahau nani alihudhuria harusi yake, lakini aliyekuja msibani hamsahau. Nikawafundisha wanachama kwamba mwenzetu akifiwa twende wote kwa pamoja, tuvae fulana za chama ili wafiwa wajue nani amefika, na michango yetu iwe katika bahasha moja, asiaibike aliyetoa kidogo. Viongozi wa vilima vingine waliuiga utaratibu huo, na kwa sababu yake jina langu likajulikana.

Orodha ya wagombea ilipopangwa, kwa hesabu zake za makabila na za mwanamke mmoja katika kila watatu, nilipewa nafasi ya chini. Ningeingia tu kama tungeshinda kwa wingi. Nilimpigia dada kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo marehemu wa watu ndio watakaokupeleka bungeni," alisema. "Basi vaa vizuri, usiwaaibishe."

Siku ya pili ya matanga ya dada malori matatu yaliingia kilimani kutoka Muyinga. Sikuwa nimemwita mtu. Walikuja kama nilivyowafundisha, wakiwa wamevaa fulana zao, wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na mbele yao mama mmoja ameshika bahasha kwa mikono miwili. Wengi walikuwa wakilia. Wenyeji waliwaachia mabenchi, kama mgeni anavyostahili, wakaenda kukaa nyuma kwenye majani. Baadhi yao walikuwa wamejifunga vitambaa begani, pale mti wa ingobyi ulipowachubua.

Yule wa Musinzira naye alikuja. Alinishika mkono, akaenda kukaa na wenzake.

Lori moja lilibaki linanguruma wakati wa hotuba. Shemeji aliinamisha kichwa upande wangu.

"Mwambie dereva azime."

"Betri ni mbovu, shemeji. Likizimwa haliwaki tena."

Akasikiliza injini kwa muda.

"Linakunywa kiasi gani kwa saa?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimewapigia wenzangu hesabu hiyo mara nyingi wakati wa kupanga misafara. Nilimwambia sijui.

Tulishinda, tena kwa wingi, nikaingia. Picha za matanga yale zilikuwa zimezunguka kwenye simu za watu, na wapo walioniambia, wakidhani wananifurahisha, kwamba ndizo zilizonipa kiti. Banda la baiskeli nilimwachia mwingine. Wazee walioniita fundi wakaanza kuniita Mheshimiwa, na mmoja wao, nilipotaka kumshikia baiskeli iliyomshinda mlimani, aliivuta upande wake akasema nitachafua suti.

Siku ya kumaliza matanga, ambayo kwetu huja miezi kadhaa baada ya maziko, nilikwenda Bukirasazi nikiwa nimevaa vizuri. Watu walikula, wakanywa pombe ya ndizi, aliyechaguliwa kusema akasema. Baadaye shemeji aliniita nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Akatoa ile bahasha. Gundi ilikuwa bado haijafunguka.

"Za majirani nimezitumia. Jeneza, mchele, vinywaji. Hizi sikuzigusa."

"Shemeji, watu wale walitoa kwa moyo."

"Najua. Sina neno nao, wamelia kuliko hata wengine wa hapa. Lakini walipanda malori. Mke wangu alibebwa mabegani. Nikila hizi, jirani akiniuliza, nitamwambia nini?"

"Basi wapewe waliombeba."

"Nimewauliza mmoja mmoja. Wamekataa."

"Wana hasira nami?"

"Hasira gani? Wanakuonea huruma." Akanisukumia bahasha kifuani. "Chukua, shemeji. Giza linaingia na njia ni mbaya."

Nikaipokea. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungulia mlango kwa heshima, kama anavyofunguliwa mgeni asiye wa nyumbani. Tangu siku ile huniita Mheshimiwa.

Bahasha niliifungua nilipofika Muyinga, nikiwa peke yangu mezani. Noti nyingi zilikuwa ndogo, zilizokunjwa na kukunjuliwa, nyingine zikinuka samaki wa sokoni. Nilizipanga kwa aina, nikahesabu mara mbili, kama nilivyozoea kuhesabu lita za misafara. Zilikuwa faranga milioni moja, laki mbili na elfu arobaini na tano.