Bafta ya Karate

Leo asubuhi nimekwenda kununua sanda ya bibi. Muuza nguo alipoweka kafuri juu ya bafta nyeupe, harufu ile ikanirudisha mwaka niliotaka kujifunza kupigana.

Kwenye ukumbi mmoja pale Nguvumali, upande huu walikuwa watu wa ngumi, upande ule wa karate. Nilitaka vyote, na vyote niliviogopa. Bibi, aliyenisindikiza, hakutazama makonde wala mateke. Alitazama nguo.

"Wale vifua wazi, hapana. Hawa wamejisitiri kama mahujaji. Wewe ni karate."

Nyumbani akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe kinachonuka kafuri, akanisimamisha, kichwa changu kikimfika kiunoni tu, na kunipimia mwilini. Mama alipoingia, mkasi ulishapita.

"Mama! Si ile sanda uliyojiwekea mwenyewe?"

"Mimi sijafa. Huyu anataka kuvaa kesho."

Mama akalia, bibi akacheka, nami nikasimama katikati yao nisijue nani kakosa. Labda karate ilikuwa dhambi. Labda ningechagua ngumi.

Kesho yake mwalimu alininusa, akauliza kama kwetu kuna msiba. Nikamjibu hapana, kuna bibi.

"Marehemu ana urefu gani?" ananiuliza sasa muuza nguo.

Nanyanyua mkono bila kufikiri, nao unasimama usawa wa kiuno changu. Anauweka mkasi chini taratibu.

"Lahaula," anasema. "Kumbe ni mtoto?"