Ijumaa Hii Mama Mkwe Anamsomea Mtu Halbadiri, na Mtu Huyo Ni Mimi

Admin, nifichie jina. Nanyi mnaosoma, fikeni mwisho ndipo mnitukane.

Nina miaka 23, nimeishia kidato cha nne, nimeolewa miezi mitatu iliyopita huku Kiwangwa. Ndoa yangu ni tamu mpaka naogopa kuisema. Mume wangu hunichotea maji ya kuoga na huniita malkia mbele ya mama yake bila aibu, na huyo mama ananipenda kama aliyenizaa. Tunaishi naye. Mwanawe mkubwa, shemeji yangu, ni dereva wa malori ya chakula kwenye nchi yenye vita, mbali sana. Aliondoka kabla sijaolewa, sauti yake sikuwahi kuisikia. Namba pekee aliyoishika kichwani ni ya mama yake. Simu ya mama ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji, laini yake niliiweka kwenye simu yangu, maana inachukua laini mbili.

Mwezi uliopita kazini kwetu, tunakokausha mananasi, walinituma Dar kwa mafunzo ya siku tatu. Mume wangu akasema haniachi, tukaenda wote. Jamani, hoteli! Fungate letu tulilimalizia chumba cha uani, sasa tuna kitanda cheupe kama pamba, lifti, na chai ya asubuhi unajipakulia mpaka uchoke. Ila ukutani runinga ilikuwa inaonyesha vita ile ile, nyumba zimelala chini, wanawake wanakimbia na watoto mgongoni. Nikajiuliza shemeji leo kala nini, chapati nikairudisha sahanini. Mume wangu akanimenyea yai, akasema tusiharibu siku yetu. Nikageuza kiti, runinga nikaipa mgongo.

Siku ya pili, mume wangu yuko bafuni, simu ikaita. Namba ndefu ya nje. Sikuangalia imeingia laini ipi. Sauti ya mwanamume ikasema, "Shikamoo mama. Ni mimi mwanao, hii simu nimeazima."

Wiki hiyo hiyo jirani yetu alikuwa ametapeliwa kwa maneno hayo hayo. Nikaona huyu nimempata.

"Mama yako amekufa, tumemzika juzi," nikamjibu. "Shikamoo yako ipeleke kaburini."

Halafu akauliza taratibu, "Amekufa lini?" Nikakata, nikaizuia namba. Mume wangu alipotoka nikamsimulia neno kwa neno, tukacheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo ya hoteli.

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni na kilo mbili za sukari. Mama mkwe alikuwa barazani anapepeta mchele, akamkaribisha. Mgeni akasema yeye ni dereva, amerudi kutoka vitani, amekuja kuhani msiba wa mama wa rafiki yake. Akalitaja jina la shemeji.

"Mama yake ndiye mimi," mama akasema. Ungo ukamponyoka.

Mgeni akaeleza huku analia. Gari la kuwatoa lilikuwa limefika, shemeji ana nafasi yake. Akaomba simu amwambie mama anarudi. Aliposikia mama hayupo, akashuka, nafasi akampa mtu mwenye watoto. Akasema yeye hana tena wa kumrudia. Sasa mji umezingirwa. Ile namba nimeifungulia, napiga kila siku, haipatikani.

Mume wangu alinitazama mara moja tu. Chumbani akaniambia, "Tulicheka wote. Nyamaza." Tangu hapo hajaniita malkia.

Mgeni hajui ilipigwa namba ipi, na mama anaamini ni kazi ya aliyekuwa mke mwenzake, aliyeko Ubena; ndugu wameshamtumia matusi. Ijumaa mashehe wanakuja kusoma Halbadiri, ili neno lile limrudie aliyelisema, yeye na kizazi chake. Mama ameniomba mimi nichome ubani na niitikie kwa sauti kuliko wote, eti moyo wangu ni safi.

Na siku zangu zimepita wiki mbili.

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, niseme, au niitikie amina?