Viti vya Kupeleka Home

Enzi zetu, sisi wa Mutuini, pembezoni mwa jiji, asubuhi zilikuwa za ukungu na uji wa wimbi, na Kiingereza tulikijua kwa woga. Bi Wanja wa darasa la sita alitufundisha kwamba "house" ni kuta na paa, lakini "home" ni pale watu wako walipo. Watoto wa leo huuliza simu. Sisi tulikariri kwa sauti mpaka hata mama wa mandazi nje ya geti akajua tofauti.

Kwetu tofauti hiyo ilikuwa nzito. Baba alikuwa seremala Dagoretti, mtu wa kutoka magharibi, na kila kitu kizuri alichotengeneza kilingoja Desemba kipandishwe juu ya basi kwenda kijijini. Sisi tulikalia madebe. Mwaka huo alikuwa amemaliza viti vinne, akavifunika kwa magunia pembeni mwa chumba chetu kimoja. Mama alikuwa mjamzito, mgongo ukimsumbua.

"Baba Nekesa, nipe kimoja tu. Hata mpaka Desemba."

"Hapa ni house, mama. Home ni kule. Kiti kikizoea hapa hakitaondoka."

"Na mimi nimezoea wapi?"

Baba akachukua randa yake akatoka.

Wiki hiyo Bi Wanja akatupa insha, "My Home". Wenzangu waliandika ng'ombe na mito. Mimi niliandika chumba chetu: mvua juu ya mabati, moshi wa jiko, mama akiimba huku ameshika kiuno. Baba aliisoma jioni, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Umekosea. Hii ni house."

"Mwalimu alisema home ni pale watu wako walipo. Mama yuko hapa."

Nilingoja kofi. Halikuja. Baba alifungua gunia moja, akafuta kiti kwa mkono wa shati, akakisogeza karibu na jiko.

"Mama Nekesa, kalia."

Desemba basi lilibeba viti vitatu. Nilihesabu mara mbili, maana namjua baba.

Leo ukiwauliza wanangu kwao ni wapi, wanakutajia jina la ploti na orofa ya ngapi. Siwakosoi, ni mimi niliyeandika vile kwanza. Ila Desemba ikifika wao huenda Mombasa kuogelea, nami hupanda basi la magharibi peke yangu.