Niliposema 10,001 Haigawanyiki

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tumetoka kanisani, mdogo wangu Nekesa ameketi mlangoni mwa nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, Nairobi, na daftari mapajani. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mimi, mkubwa wa wanne, niliacha shule darasa la saba nikaenda eneo la viwanda la Industrial Area kupanga boliti kwenye trei.

Kazi hiyo ilinifundisha kugawanya kichwani. Tulikuwa na trei za boliti kumi na mbili, za ishirini na za ishirini na tano. Rundo la boliti lisilogawanyika sawasawa kwa trei yoyote tuliliita kaidi, na zilizobaki tukazitia ndooni. Nikajiona mjuzi wa hesabu.

Siku hiyo Nekesa aliniuliza kama ipo namba inayoigawanya 10,001 bila kubakisha, mbali na moja na yenyewe. Mwalimu alikuwa akichagua watakaokwenda mashindano ya hisabati, na jibu lilitakiwa Jumatatu asubuhi. Nikajaribu trei zangu, nikaongeza tatu, saba, kumi na moja na kumi na tatu. Zote zikabakisha. Nikamwambia aandike kwamba haigawanyiki.

Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeijaribu vya kutosha.

"Dada, hii si boliti," akasema, akicheka kidogo.

Kicheko kile kiliniuma. Nikamkumbusha ni nani aliyeacha shule ili yeye asome. Aliinamisha kichwa akaanza kuandika jibu langu, na nilijua kabisa kwamba haliamini.

Jirani yetu Mama Njeri, aliyeuza viatu vya tairi soko la Kariokor, alikuwa kwenye kizingiti chake akishona kamba za ndara. Hakuinua hata macho.

"Haigawanyiki," akaniuliza, "ama wewe ndio umechoka kuigawanya?"

Mwanangu, nikaketi chini kando ya Nekesa, nikamwomba anionyeshe walivyofundishwa. Akanieleza kwamba namba zinazogawanya huja mbili mbili, na zikizidishana hutoa ile kubwa. Haziwezi kupita mia zote mbili kwa pamoja, lazima moja iwe mia au chini yake, kwa sababu mia na moja mara mia na moja tayari inazidi 10,001. Kwa hiyo tukifika mia bila kupata kitu, hapo ndipo tungesema haigawanyiki, na tungekuwa na haki ya kusema.

Tukaendelea kutoka kumi na saba. Yeye akigawanya, mimi nikihakikisha. Chai ikapoa. Tulipofika sabini na tatu, hakikubaki kitu. Sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba. Nekesa akaizidisha tena, polepole, kisha akafuta jibu langu. Jumatatu jina lake likaandikwa kwenye orodha ya mashindano.

Mwanangu, uchovu wako usiufanye kuwa jibu. Ukiambiwa jambo haliwezekani, uliza lilijaribiwa hadi wapi. Na ukiwa umejinyima kwa ajili ya mtu, usimkumbushe hilo ili kumnyamazisha. Aliyesomeshwa kwa jasho lako ana ruhusa ya kujua kukuzidi. Mimi niliyapata hayo nikiwa nimeketi sakafuni, na sijutii.

Mungu akupe subira ya kufika mwisho wa hesabu zako, na akuwekee karibu watu wasioogopa kukuuliza umejuaje.