Majani ya Kivu Katika Kinu cha Sombe

Nakumbuka Jumapili moja kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na ukicheka naanza upya. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, nami nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili hapa Kamalondo. Mama mkwe wangu alikuja kwa treni kutoka kaskazini, mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwangu. Hakunitaka. Alishasema mbele ya watu kwamba msichana wa mjini hajui kupokea wakwe, na kwamba asipokunywa kwangu, mwanawe ajue ndoa ile haina baraka yake.

Alifuatana na baba mkubwa wa bwana yangu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chai kule Kivu. Ndiye aliyetutumia kopo la chai siku ya harusi.

Wakiwa misani, nikafungua kopo lile. Majani makubwa, meusi, yamejisokota. Miye nilizoea chai ya vumbi ya dukani, ambayo ukiitia tu, maji yanakuwa meusi. Hii nikaijaribu, rangi ikatoka kidogo sana. Nikasema moyoni, masikini mzee wa watu, wamemuuzia makapi! Basi nikachukua kinu, kile kile nilichotwangia sombe asubuhi, majani ya muhogo na pilipili yake, nikaitwanga chai ya watu mpaka ikawa unga. Akili gani ile, jamani!

Chai ilitoka nyeusi, nikafurahi. Mama mkwe akaonja, akaweka kikombe chini, akamtazama mwanawe. Mzee naye akaonja.

"Mama, hii majani uliifanya nini?" akaniuliza polepole.

Ningeweza kusema kopo lilikuja hivyo. Uongo ulishafika mdomoni. Lakini nikasema, "Niliitwanga, baba. Mu kinu ya sombe. Nilizani balikuuzisha mubaya."

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi leta yenye ilibakia mu kopo, na maji ya moto, na kikombe cheupe."

Akatia majani machache, akamimina maji. Tukainama wote, hata mama mkwe. Mwanangu, majani yale yalianza kufunguka! Moja, halafu jingine, mpaka nikaona majani mawili na chipukizi katikati, bado yameshikana, utadhani yamechumwa jana. Mwili ulinisisimka. Sikujua kwamba kitu kikavu vile kinaweza kubaki kizima.

Mzee akatueleza. Yanachumwa kwa vidole, yananyaushwa mpaka yalegee, yanasokotwa, yanaachwa yageuke rangi ya shaba, ndipo yanakaushwa kwa moto. Mchumaji akibeba majani mazee, au mtu wa moto akisinzia, chai imekufa hapo hapo.

"Mwisho tunachekecha," akasema. "Makubwa pale, yenye kuvunjika pale, vumbi pale. Chekeche inapima ukubwa tu. Vumbi ya majani muzuri iko muzuri, inatoa rangi mbio, tofauti njo hiyo tu. Lakini kinu yako, mama, haiko mashini ya chai!"

"Ee Mungu wangu, mikono yote ile kwa kikombe kimoja?" mama mkwe akasema. Akanywa ile chai nyepesi, taratibu, mpaka ikaisha. Kisha akanisukumia kikombe.

"Ongeza, binti yangu. Ungenidanganya, ningerudi kwetu na treni ya kesho."

Nilimimina huku nalia, sikuona haya.

Sasa sikia, mwanangu. Kitu usichokijua usikiite makapi kwa sababu hakifanani na ulichozoea. Muulize mtu aliyekishika kikiwa kibichi. Na ukishaharibu, sema umeharibu, siku ile ile, mbele ya wale wale unaowaogopa. Mungu akupe mikono yenye subira, akupe wakwe wanaojua kucheka, na nyumba yako isikose mgeni wa kuomba kikombe cha pili.