Nyumba Iliyojengwa kwa Baridi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa uso unaniwaka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa magari hapa Isiolo, na nilidhani hakuna kitu chenye magurudumu nisichokijua.

Wahisani fulani walikuwa wameleta karavani kutoka Ulaya, ile nyumba ndogo inayokokotwa nyuma ya gari, ili iwe kliniki ya kuzunguka vijijini. Nyeupe pe! Ndani ina kitanda, sinki na friji ya gesi. Nilipewa kazi ya kuivuta hadi Korbesa pamoja na Sista Kathure, muuguzi Mmeru aliyebeba chanjo za watoto. Akina mama wa huko walikuwa wameshatangaziwa siku.

Sista alikuja na masanduku yake ya baridi, yale ya kila safari, yanayojazwa barafu. Nikamcheka.

"Sista, hayo ni ya kubebea samaki. Hapa tuko na friji ya Ulaya."

"Una hakika, Guyo? Hizi dawa zikipata joto ni za kutupa."

"Mimi ndiye fundi," nikamjibu. Masanduku tukayaacha.

Dalili ya kwanza niliiona kabla hata hatujatoka mjini. Tulisimama kando ya lami kuongeza mafuta, Sista akafungua mlango wa karavani ashuke, na pikapu ya miraa ikapita karibu imnyoe. Huko karavani ilikotoka, magari hushika upande wa kulia, kwa hiyo mlango umewekwa ufunguke kwenye ukingo wa barabara. Kwetu ulifunguka katikati ya magari.

"Huu mlango nani aliweka huku?" alipiga kelele, mkono kifuani.

Nilimwambia ashuke kama malkia, aangalie pande zote. Nilijiona mcheshi sana.

Njia ya Merti unaijua. Mawe, halafu mchanga, halafu vumbi laini kama unga. Karavani ile ilikuwa chini mno, magurudumu yake madogo kama ya toroli, na kila mara tumbo lake lilikwaruza mawe. Vumbi liliingia kwenye vitundu vya hewa mpaka shuka za kitanda zikawa nyekundu. Tulilala Merti.

Asubuhi, tukijiandaa kuondoka, tulimkuta mama mmoja mzee akimpakia ngamia nyumba yake ya fito na mikeka, maana boma lake lilikuwa linahama. Alikuwa Mborana kama mimi, nami nikamwita Akko, kama tunavyowaita nyanya zetu. Baada ya salaam aleikum aliizunguka karavani polepole, akaweka kiganja ukutani.

"Nyumba hii ilijengwa wapi?"

"Ulaya, Akko."

"Watu wa huko wanaogopa nini?"

"Baridi. Huko kuna baridi ya kuua."

"Basi kuta hizi nene ni za kuzuia joto lisitoke," alisema. "Hapa joto likiingia, litatokea wapi?"

Nilicheka, nikamwambia ina friji. Hakucheka. Alinionyesha fito alizokuwa akifunga. "Tukipita vichakani, fito hizi nazilaza, zisinase. Tukipita penye mawe, naziinua, zisigonge. Nyumba ni moja, lakini kabla sijakaza kamba nauliza tunapita wapi. Wewe ulimuuliza nani?"

Sista alinivuta pembeni. "Guyo, hospitali ya hapa Merti wanaweza kutupatia barafu na sanduku. Ni dakika kumi tu."

Hapo, mwanangu. Dakika kumi! Lakini kukubali mbele ya yule mzee kungekuwa kukubali kwamba sijui. Nikawasha gari.

Tulifika Korbesa jua likiwa utosini. Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wa shule, watoto mgongoni na mapajani. Sista alifungua friji, akaingiza mkono, akakuta joto. Friji zile hutaka kusimama sawasawa, tena zimetengenezwa kwa nchi ambako mchana wa joto ni kama asubuhi yetu. Kwenye kila chupa kuna alama ndogo inayobadilika rangi dawa ikiharibika. Sista alizigeuza moja moja. Zote zilikuwa zimebadilika.

"Nenda uwaambie," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Niliwaambia. Mama mmoja kijana alisimama, mtoto wake akinyonya.

"Nimetembea tangu jana. Nikirudi nimwambie nini baba yake? Kwamba friji ilikuwa nzuri?"

Akafunga shuka yake na kuondoka.

Wiki iliyofuata tulirudi na masanduku ya barafu. Waliokuwepo walichanjwa. Lakini malisho yalikuwa yamekwisha, na familia nyingi zilikuwa zimehama, ya yule mama kijana ikiwemo. Niliuliza mpaka Garbatulla. Hakuna aliyejua walikoelekea.

Baadaye nilizunguka sana. Nimevuta magari ya watalii hadi Namibia, na huko nikaona karavani zilizoinuliwa juu, chuma kinene chini, magurudumu makubwa, vitundu vyote vimezibwa vumbi lisipenye. Nilisimama nikiziangalia kwa uchungu. Mtu alikuwa ameitazama nchi yake kwanza, ndipo akashika nyundo. Wala wale wa Ulaya hawakukosea. Kwao nyumba ile ilikuwa nzuri kabisa. Aliyekosea ni mimi niliyeileta Korbesa bila kuuliza.

Sasa nimepita arobaini, na nasema haya kwa sababu nakuona unavyopenda vitu vipya. Vipende. Lakini kitu kikitoka mbali, uliza kwanza kilitengenezwa kwa ajili ya nani, na yeye alikuwa akiogopa nini. Kibadilishe kabla hujakiamini. Na ukikosea, mtu akikupa dakika kumi za kurekebisha, zichukue, hata kama watu wanakuangalia. Aibu ya dakika kumi huisha. Mimi yangu nimeibeba miaka zaidi ya ishirini, na bado sijui kama yule mtoto alichanjwa.

Mungu akupe masikio ya kusikia wakati bado kuna nafasi, akupe njia yenye maji, na popote utakapohamia, wanaokutafuta wakukute salama.