Kamati ya Mashabiki wa Nyuki

Wakenya wawili wakikutana ugenini hunywa chai. Wakifika watatu huunda kamati. Ndivyo ilivyokuwa Arlington, Texas, mwaka 2018, wanawake wa Afrika Mashariki, wengi wao wauguzi, walipoanzisha timu ya mpira wa magongo na kuiita Nyuki. Wake walishika magongo. Waume, ambao hakuna aliyewaomba lolote, wakajipa vyeo. Absalom Nyakundi akawa mwenyekiti. Kimutai akawa mtunza vifaa. Twalibu, Mtanzania wa Tanga ambaye mkewe Mwatumu alikuwa mshambuliaji, alikataa cheo, akasema yeye ni mchambuzi tu. Alichambua kuliko redio.

Kamati ilibeba viti, turubai na machupa ya chai hadi uwanjani kila Jumamosi, na baada ya mechi ilikaa kujadili kosa lilikuwa wapi. Kocha, Joyceline, alikuwa mwenyewe anacheza kiungo, na mtu aliye katikati ya vumbi haoni uwanja wote. Kwa hiyo aliwasikiliza wale wazee. Aliwasikiliza kwa sikio moja, lakini sikio hilo lilikuwa zima, na mara nyingi jina lililosemwa kikaoni Jumapili ndilo lililokosekana uwanjani Jumamosi.

Absalom alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu hakumkatiza mtu. Alikuwa mfupi, mtu wa Nyamira, dereva wa lori la kwenda Houston na kurudi siku hiyo hiyo. Kazi ile inamfundisha mtu kunyamaza. Mpira wa magongo hakuujua hata kidogo mpaka alipomposa Moraa, aliyekuwa kipa wa chuo cha uuguzi na hakukubali kuacha lango kwa sababu ya harusi, wala kwa sababu ya mimba, ila miezi ile ya mwisho. Nyuki ilikuwa wazo lake. Yeye ndiye aliyewapigia wenzake simu mmoja mmoja, na kuwaambia wale waliodai wamezeeka kwamba uzee hauanzi magotini, huanza mdomoni.

Mwezi wa Agosti, kabla ligi haijaanza, Moraa alimimina chai nje ya kikombe. Alikuwa akimtazama mumewe, aliyeketi kulia kwake, huku akimimina upande wa kushoto, na chai ikatandaa mezani kikombe kikiwa kikavu.

"Baba Kemunto, mbona huniambii?" alisema alipoona.

"Nilidhani unatania."

Hakuwa anatania. Absalom akakumbuka kioo cha gari kilichovunjikia kwenye mlango wa gereji, upande wa kushoto. Akakumbuka kwamba tangu Pasaka mkewe alikuwa akimwambia akae kulia kwake kanisani. Dereva wa lori anaujua upande usioonekana. Ndio unaoua watu barabarani. Akampeleka kwa daktari, na daktari akasema ni presha ya macho: jicho la kushoto lilikuwa limeshaliwa ukingoni, na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kulia lilikuwa zima. Angeweza kufanya kazi na kuendesha gari kwa uangalifu, na kutia dawa kila jioni. Kuhusu lango la mpira daktari hakusema kitu, kwa kuwa Moraa hakuuliza.

Wakiwa ndani ya gari alimshika mumewe mkono. "Niache nimalize msimu huu," alisema. "Ukiwaambia, kesho kuna kikundi cha WhatsApp cha kuniombea. Watakuja na sufuria. Kila mtu ataniambia pole mpaka nichoke kuitikia. Niache nicheze huu tu, halafu nitawaambia mwenyewe."

Absalom akaahidi. Alimpenda mkewe, na aliogopa sufuria zile kama yeye.

Msimu ukaanza vibaya. Wanawake wa Kizungu wa Plano waliwafunga, wasichana wa Kihindi wa Irving wakawafunga, na waliposafiri hadi Sugar Land, safari ya saa nne na nyimbo njiani, wakafungwa manne kwa moja na kurudi bila nyimbo.

Jumapili iliyofuata kamati ilikutana ndani ya gereji ya Absalom. Walifungua kwa sala fupi, kwa heshima ya Twalibu ambaye ni Mwislamu, na Twalibu ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaweka kikombe chini.

"Jamani, mimi sisemi kwa ubaya," alisema. "Timu ina kasi, ina pumzi. Lakini magoli karibu yote yamepita kushoto. Sasa kushoto yuko nani?"

Wote walijua. Beki wa kushoto alikuwa Jepchirchir, mke wa Kimutai, na Kimutai alikuwa palepale na mandazi mkononi.

"Kazi ya beki ni kulinda ubavu wake," Twalibu aliendelea. "Huyu shemeji yetu, mpira ukishavuka kati tu, anaacha nafasi yake anakimbilia golini. Anakwenda kufanya nini golini? Golini kuna mwenyewe."

"Aende mbele a-mark mtu," akasema mmoja.

"Awekwe Wacuka," akasema mwingine. "Wacuka ukimwambia simama hapa, anasimama hapo mpaka kiama."

Wakabishana kama Wacuka ana nguvu za kutosha, kama Mwatumu arudi nyuma, kama ni afadhali kucheza na mabeki watano na kuomba Mungu. Kimutai aliyaacha maneno yaishe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mhasibu wa hospitali, na aliposema alitazama sakafu.

"Hata mimi nimeona hiyo kitu," alisema. "Nimemwuliza. Anasema ni miguu tu imezoea kwenda huko. Sijui ni stress ya kazi ama ni nini. Mniwie radhi, wazee. Nitaongea na yeye."

Mtu mzima alikuwa akiomba radhi kwa kosa ambalo mkewe hakulifanya, na pale aliyejua hivyo alikuwa mmoja tu. Absalom alihisi masikio yakimwaka. Angeweza kusema, neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini ahadi nayo ilikuwa palepale kooni, na vitu viwili haviwezi kupita pamoja.

"Mwenyekiti, unasemaje?" akauliza Twalibu.

"Kamati imesema," alijibu Absalom.

Maneno mawili tu. Angesema uongo mrefu asingeharibu zaidi.

Jioni ile alimtilia Moraa dawa ya jicho, kisha akamwambia lililoamuliwa: Jepchirchir akae benchi, aingie Wacuka. Moraa alibaki ameinua uso darini.

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Jepchirchir anatoka sana kwa nafasi yake," alisema Moraa. "Hilo ni kweli. Nimemwambia mwenyewe."

"Mama Kemunto."

"Uliniahidi, Baba Kemunto."

Akafumba macho yote mawili ili dawa iingie, na mazungumzo yakaishia hapo. Absalom alikasirika, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi, kwa hiyo akaenda kuosha lori ambalo halikuwa chafu.

Katikati ya wiki, Absalom akiwa njiani kutoka Houston, Kimutai alimpigia simu.

"Mwenyekiti, samahani, najua uko barabarani. Ni huyu mama. Joyceline amemwambia atakaa benchi. Hajalalamika, lakini ameosha gongo lake, akalifunga kwa leso, akaliweka juu ya kabati. Sijawahi kumwona hivyo. Wewe umekaa na mchezo huu miaka mingi. Niambie ukweli. Ni yeye anatufungisha?"

Absalom akatazama kioo cha kulia, kisha cha kushoto.

"Tutaangalia Jumamosi," alisema.

Alipokata simu alijiona mtu wa hovyo, na alijisema hivyo kwa Kigusii, kwa sauti, peke yake ndani ya lori.

Jumamosi walicheza nyumbani, Arlington, dhidi ya timu ya Fort Worth. Jepchirchir alikaa benchi pembeni ya Precious, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa kipa wa akiba. Wacuka akapewa ubavu wa kushoto na akaulinda vizuri. Hakuacha nafasi yake hata hatua moja. Twalibu alimsifu mpaka turubai likachoka.

Halafu mshambuliaji mmoja wa Fort Worth, mama mnene asiye na haraka, akaupiga mpira kutoka ukingoni mwa duara la goli, upande ule. Ulikuwa mpira wa kawaida, wa kuzuiwa kwa mguu na kusahauliwa. Wacuka aliuacha upite, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na kipa. Moraa alikuwa amesimama wima, amejiandaa, akitazama kulia. Mpira ukapita karibu na mguu wake wa kushoto ukaingia wavuni, naye akageuka baada ya kusikia wenzake wanaguna.

Chini ya turubai kamati iliweka vikombe chini. Wacuka alikuwa amefanya kila kitu walichotaka.

"Basi na Wacuka naye," alianza Twalibu, lakini hata yeye hakumaliza.

Absalom alisimama. "Kamati," alisema, kama anavyosema akifungua kikao, na wawili watatu wakacheka. "Nisikilizeni. Si Jepchirchir. Wala si Wacuka. Mama Kemunto haoni upande wa kushoto. Ni presha ya macho. Nimejua tangu Agosti."

Kimutai ndiye aliyeuliza, kwa upole wake uleule.

"Tangu Agosti."

"Ndiyo."

"Na Jumapili ulikuwa umekaa kwa kile kiti, ukinisikia."

"Nilikuwa nimekaa."

Kimutai hakumtukana. Alikunja kiti chake, akatoka chini ya turubai, akakikunjua tena kule juani na kukaa peke yake. Absalom angependa zaidi kupigwa kofi.

Mapumziko yalipofika alivuka mstari, jambo ambalo kamati haikuruhusu, akaenda moja kwa moja benchi kwa Jepchirchir.

"Shemeji, nimekukosea," alisema. "Umewekwa hapa kwa kosa ambalo si lako. Nilijua, nikanyamaza. Tatizo ni jicho la Moraa."

"Najua," alisema Jepchirchir.

"Unajua nini?"

"Hilo jicho. Si tunafanya kazi wodi moja? Anageuza kichwa chote kuangalia dripu ikiwa kushoto. Nimeona tangu wakati wa joto." Akamtazama mwenyekiti kama anavyotazamwa mtoto aliyechelewa kuelewa. "Kwani mlifikiri nilikuwa nakimbilia golini kufanya nini?"

Moraa alikuwa ameshafika, kofia ya kipa kwapani, jasho likimtiririka, na alisikia. Jepchirchir alikuwa upande wake wa kushoto. Ilimbidi ageuze kichwa chote ili amwone, na safari hii hakujaribu kuficha.

"Ulikuwa unaniziba," alisema.

"Nilikuwa nasimama tu pale, dada."

"Na ukaacha waseme ni wewe. Hata Kimutai hukumwambia."

"Ningemwambia, angeambia kamati."

Wakatazamana. Moraa alianza kucheka, kisha akaacha kucheka, macho yakamlowa, lile zima na lile bovu sawasawa. Akavua glavu moja baada ya nyingine, akampa Precious, akampa na kofia. Halafu akamwita Joyceline.

"Mrudishe Jepchirchir ubavuni," alisema. "Sasa hivi atakaa kwa nafasi yake."

Kipindi cha pili kilipoanza Absalom alibaki palepale, chupa ya chai mkononi, hajui kama arudi turubaini ambako hakutakiwa au abaki benchi ambako hakualikwa. Mwishowe akaenda kukaa kulia kwa mkewe, mahali pake pa kanisani.

"Hapana," alisema Moraa bila kumtazama. "Kaa huku kushoto."

"Huko hutaniona."

"Ndiyo. Leo sitaki kukuona."

Akazunguka, akakaa kushoto. Mbele yao Jepchirchir alikuwa amesimama ubavuni, amesimama imara kama mti uliopandwa, na mama mnene wa Fort Worth hakupata tena njia. Precious aliokoa mipira kadhaa na kuachia mmoja, uliopita katikati, na kule turubaini Twalibu akasikika akisema kwamba katikati ndiko kwenye tatizo, tena alikuwa amesema tangu mwanzo. Walifungwa mawili kwa sifuri. Kimutai alikuwa bado juani, lakini amesimama, na kila mkewe alipogusa mpira alipiga makofi peke yake.

Moraa aliutazama mchezo mpaka mwisho. Wenzake walipoanza kutoka uwanjani, wakija upande wake polepole, na tayari mmoja wao akiwa na uso wa pole, alichukua kikombe kutoka chini ya benchi. Hakugeuza kichwa. Alikinyoosha tu upande wa kushoto, kule asikoona, na kukishikilia hapo.

Absalom akamimina.